Mbwa wa Baba na Sindano ya Mwisho

Baba yangu hakuwahi kumpa mbwa wake jina. Alimwita "Wewe," na mbwa akaitika hivyo maisha yake yote. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwamba majina ni ya ng'ombe na ya watu waliobatizwa. Kweli ng'ombe wake wote walikuwa na majina, mpaka ndama wa juzi. Lakini aliyekuwa akizungumza naye ni huyo asiye na jina. Tangu Mama afariki, wajukuu aliwasemesha Kiswahili, mchungaji Kiswahili, hata mimi siku hizi Kiswahili, ila mbwa alimsemesha Kiarusha kitupu, kwa sauti ya chini, vile vile alivyokuwa akizungumza na Mama jikoni. Nilikuwa nikifika Jumapili baada ya ibada namkuta kwenye kigoda mlangoni, mbwa amelaza kidevu juu ya makatambuga yake ya tairi, na nikipiga hodi tu mazungumzo yanakatika. Nilimwonea wivu yule mbwa, na sioni haya kusema.

Nyumbani ni juu ya Ngaramtoni, upande wa magharibi wa Mlima Meru, ambako mahindi yakishavunwa vumbi linaingia mpaka kwenye kikombe cha chai. Mimi nashona nguo mjini, nyuma ya soko, na sina subira na mambo mengi, hasa wateja wanaotaka gauni la harusi kesho yake. Baba ni mtu wa aina nyingine. Ni mpole na mkaidi kwa pamoja, jambo ambalo ni gumu zaidi kulishinda kuliko ukali.

Ujanani alifanya kazi kwenye shamba kubwa la ng'ombe wa maziwa, na huko ndiko alikojifunza kuchoma sindano. Aliporudi kijijini alirudi na ujuzi huo, na ukamfanya mtu wa kuheshimiwa. Ng'ombe wa jirani asipoamka asubuhi, haitwi bwana mifugo kwanza, anaitwa Baba. Bomba lake la sindano alilihifadhi kwenye mkebe wa biskuti juu ya kabati, na kulikuwa na sufuria moja ya kulichemshia ambayo hakuna aliyethubutu kuipikia hata yai. Nilikua nikimwona akimpapasa ng'ombe shingoni, akimsemesha, kisha sindano inaingia na kutoka kabla mnyama hajajua kilichompata. Mkono wake haukuwahi kutetemeka. Watu walisema Baba ana mkono mwepesi, naye alijifanya hasikii, lakini alisikia.

Basi mbwa alipoanza kujikuna, Baba alimtibu mwenyewe. Ilikuwa kiangazi, viroboto na vumbi, na mbwa alijikuna mpaka akatoka damu nyuma ya masikio, akawa anajiburuza kwenye ukuta wa zizi huku akilia. Baba hakuweza kumsikiliza akilia. Alikuwa na chupa ndogo yenye kifuniko cha kijani, dawa anayowachoma ng'ombe waliovimba miguu, iliyonunuliwa kwenye duka la dawa za mifugo kama watu wote wanavyonunua. Akavuta kidogo, akamchoma. Kesho yake mbwa alilala kivulini ametulia, hajikuni hata mara moja, na Baba akanipigia simu kunieleza kana kwamba amepata mjukuu.

Muwasho uliporudi, alimchoma tena. Ukirudi, anamchoma. Ikawa ndiyo kawaida ya nyumba, na hatukuiona kuwa jambo. Mnyama anaumwa, unamchoma, anapona, maisha yanaendelea. Misimu ikapita hivyo.

Kisha mbwa akaanza kunenepa. Sisi tulifurahi. Kwetu mbwa mwenye mbavu nje ni aibu ya mwenye nyumba, na huyu tumbo lilikuwa limeshuka likaning'inia, akitembea linacheza huku na huku. Majirani walimtania Baba kwamba mbwa wake sasa anaweza kugombea udiwani. Mimi mwenyewe nilimwita mheshimiwa. Baba alicheka akasema, "Anashiba kwangu." Na kweli alikuwa akila. Alikula ugali wake wote na mifupa, akaenda kulamba sufuria ya loshoro, yale mahindi yetu ya maziwa mgando, akaiba pumba ya kuku, na siku moja alikula sabuni. Mbwa aliyekuwa akingoja chakula kwa heshima akawa anasimama jikoni anahema, ulimi nje, mchana na usiku, hata siku za baridi ambazo sisi tunavaa masweta mawili.

Alikunywa maji kama ndama. Nasema hivi kwa maana halisi, kwa sababu alikuwa akinywa kwenye beseni la ndama na kulimaliza. Na maji yakiingia lazima yatoke. Mbwa ambaye hakuwahi kuchafua kizingiti akaanza kulala hapo mlangoni kwa Baba na kuamka amelowa, anaona aibu, anaficha uso. Baba alikuwa akimfuta kwa gunia bila kusema neno. Manyoya yakaanza kumtoka ubavuni, kulia na kushoto, na ngozi iliyobaki ilikuwa nyembamba. Niliishika kwa vidole vyangu vya ushonaji nikaona imekuwa kama kitambaa cha bitana, unaona mishipa chini yake. Miguu ya nyuma ikakonda. Akawa hawezi kuruka mfereji aliokuwa akiuruka tangu mdogo. Anaufikia, anasimama, anautazama, kisha anazunguka kwa mbali.

Hapo ndipo kicheko kiliponikauka. Nilikuwa na mteja anayefuga mbwa huko Makumira, nikamweleza, naye akanipa namba ya daktari wa mifugo anayemtibia wake. Alikuwa kijana wa Kimeru, mpole, mwenye pikipiki, na alikubali kupanda mpaka kwetu siku ya Jumamosi.

Alimsalimu Baba shikamoo kwa mikono miwili, wakaongea habari za mvua kwanza, kama inavyotakiwa. Kisha akapiga magoti kwenye vumbi akampapasa mbwa mwili mzima, tumbo, ubavu, shingo. Alimtoa damu kidogo. Kisha akauliza, bila kuinua kichwa, huyu mbwa amekuwa akichomwa dawa gani.

Baba aliinuka mara moja. Alikuwa ameingoja nafasi hiyo, nilimwona. Aliingia ndani akatoka na mkebe wa biskuti, akaufungua mbele ya daktari, akamwonyesha bomba lilivyo safi, kisha akampa chupa yenye kifuniko cha kijani. "Hii," alisema. "Inamfaa sana. Nikimchoma leo, kesho hajikuni."

Daktari aliishika ile chupa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika kusoma maandishi yake. Alituambia kwamba mbwa ana ugonjwa unaoitwa Cushing. Akaeleza kwa utaratibu. Juu ya figo kuna tezi mbili ndogo, na tezi hizo hutengeneza homoni ambayo mwili hauwezi kuishi bila hiyo, lakini ikizidi inauharibu mwili, inajaza tumbo, inakondesha miguu, inaleta kiu na njaa isiyoisha. Kuna mbwa wanaoupata kwa sababu tezi zimeharibika zenyewe. Huyu alikuwa ameupata kwa njia nyingine. Dawa iliyomo kwenye chupa ni ndugu wa ile homoni, na alikuwa amechomwa kwa muda mrefu mno.

Kuku walikuwa wakiparura nyuma ya jiko.

"Kwa hiyo ni mimi," Baba akasema.

"Mzee, hukujua. Wengi wanaitumia hivyo."

"Nimekuuliza kama ni mimi."

Kijana wa watu alitazama chini. "Ni dawa, mzee," alisema.

Nilitamani apike uongo wowote. Lakini alikuwa daktari mzuri, na madaktari wazuri hawana uongo wa karibu. Badala yake alitueleza cha kufanya, na hapa nataka nieleweke vizuri, kwa sababu kila kitu kilitoka hapa. Alisema sindano ziishe, ila dawa yenyewe isikatwe ghafla. Kwa kuwa mwili umekuwa ukiletewa homoni kutoka nje, zile tezi zimelala, zimesahau kazi. Ukikata leo, mwili unabaki mikono mitupu. Alitoa vidonge vidogo vya dawa ya aina ile ile, akaeleza jinsi ya kupunguza, kidonge, nusu, robo, kisha siku za kuruka, mpaka tezi ziamke. Maji asinyimwe hata kidogo, hata akikojoa vipi. Viroboto waoshwe kwa dawa ya kuogeshea. Vidonda viangaliwe, maana ngozi ile haiponi haraka. Alirudia mara nyingine, akimtazama Baba usoni, "Mzee, usiikate ghafla. Polepole." Baba aliitikia kwa kichwa akasema, "Nimesikia."

Mimi nilirudi mjini nikiwa na matumaini. Nilikuwa na nguo za ubatizo za kumaliza.

Sasa lazima niseme jambo kuhusu Baba na kuacha. Baba aliwahi kuwa mtu wa ugoro. Siku moja Mama alimwambia kwamba mtoto mchanga anapiga chafya akimbeba. Ilikuwa ni mimi huyo mtoto. Baba alitoka nje, akaurusha mkebe wa ugoro kwenye migomba, na hakuugusa tena mpaka leo. Pombe nayo aliiacha hivyo hivyo, kwa neno moja la Mama, siku ya sherehe ya jirani, kikombe kikiwa mkononi. Alikimwaga. Hadithi hizi zilisimuliwa nyumbani kwetu tangu tukiwa wadogo, na mchungaji aliwahi kuzisimulia kanisani, Baba akiwa ameketi anatazama viatu vyake. Kwa Baba mtu anayeacha kitu kibaya kidogo kidogo ni mtu ambaye bado anakipenda. Nililijua hilo kama ninavyojua jina langu, lakini wakati ule sikulihusisha na vidonge vya mbwa.

Nilipiga simu kila jioni nikifunga duka. "Mbwa anaendeleaje?"

"Vizuri. Hanywi tena maji kama zamani."

Na mimi nikafurahi, maana daktari alisema kiu itapungua. Siku nyingine akaniambia mlango umeamka mkavu. Siku nyingine akaniambia haibi tena pumba. Sauti yake ilikuwa imenyooka, ilikuwa na kitu ambacho sikuwa nimekisikia tangu msiba. Nilimweleza mteja wangu wa Makumira kwamba mzee anajitahidi sana. Kisha jioni moja akasema mbwa hataki ugali. Jioni iliyofuata akasema hata maziwa hataki, amelala tu, na akimwita haamki, anapiga mkia mara moja anaacha. "Labda sumu inatoka," Baba alisema.

Kesho yake nilifunga duka kabla ya saa sita mchana, nikampigia daktari, tukapanda pamoja kwa pikipiki yake. Tulimkuta mbwa amelazwa kwenye gunia safi kizingitini, anatetemeka kama mtu mwenye malaria, ametapika povu. Baba alikuwa amekaa chini kabisa, siyo kwenye kigoda, kichwa cha mbwa kikiwa juu ya paja lake. Daktari alimgusa ufizi, akasikiliza moyo, akauliza vidonge viko wapi.

"Chooni," Baba akajibu.

"Tangu lini, mzee?"

"Siku ile ile uliyoondoka. Sikumwongezea hata tone. Ulisema inamharibu."

Hakujitetea. Alikuwa akitoa taarifa njema, au aliyodhani ni njema. Daktari alifungua mkoba wake haraka, akatundika chupa ya maji ya dripu kwenye msumari wa mlango, akatafuta mshipa. Kisha akatoa chupa ndogo yenye kifuniko cha kijani.

Nilimwona Baba akiiona. Alimtua mbwa taratibu, akainuka, akasimama kati ya daktari na mbwa, mzee yule mwenye shuka begani, mikono imening'inia.

"Hiyo hapana," alisema. "Hiyo chupa naijua."

"Mzee, hii sasa ndiyo inayoweza kumwokoa. Mwili wake hauna—"

"Wewe ndiye uliyeniambia. Hapa hapa. Uliniambia ndiyo iliyomharibu."

"Ni kweli, mzee, lakini—"

"Basi hapana."

Mtu anaweza kueleza nini mbele ya hilo? Baba alikuwa ameelewa nusu ya kwanza kwa moyo wake wote, na nusu ya pili haikuwa na mahali pa kuingia. Mbwa alitoa sauti ndogo nyuma yake. Nami nikafanya jambo ambalo binti wa Kiarusha hafanyi. Nilimpandishia Baba sauti. Nilimwambia, "Baba, sogea," na aliposimama pale pale nikamshika mkono, nikamvuta pembeni. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyotarajia. Alinitazama, na hakukuwa na hasira machoni pake, alikuwa anashangaa tu.

Daktari akachoma. Tukangoja. Jua lilikuwa bado liko juu ya miti, mlima umejificha kwenye mawingu kama kawaida yake alasiri. Baada ya muda mbwa akaacha kutetemeka. Akainua kichwa, akamtafuta Baba kwa macho, na Baba akaja akachuchumaa akamwambia maneno kwa Kiarusha ambayo sitayaandika hapa, siyo yangu. Daktari alinitazama kwa matumaini kidogo. Kisha mbwa akalaza kidevu juu ya katambuga la Baba, akavuta pumzi ndefu, na hatukuisikia nyingine. Ng'ombe walikuwa ndiyo wanarudi zizini.

Baba hakulia. Alikaa vile vile, hataki kuutoa mguu wake. Baadaye alisema, bila kumtazama mtu, "Alikuwa hai mlipokuja."

Nilimsindikiza daktari mpaka kwenye pikipiki. Alikuwa amechoka, mikono yake inanuka dawa. Alisema tulichelewa, tezi zilikuwa hazijaamka, ni kule kukata ghafla. Alisema kama mbwa angepata vile vidonge, hata robo robo, huenda leo angekuwa anaiba pumba. Kisha akauliza, "Nirudi nimweleze mzee? Asije akafikiri ni sindano."

Nilitazama nyuma. Baba alikuwa bado amekaa mlangoni. Niliwaza nini kitabaki kwa mtu huyo. Alishaambiwa kwamba mkono wake uliosifiwa na kijiji kizima ndio uliomtia mbwa ugonjwa, na alilibeba hilo. Kilichomsimamisha ni kwamba alipojua aliacha, kama alivyoacha ugoro, kama alivyoacha pombe, kwa ajili yetu. Sasa twende tumwambie kwamba kule kuacha ndiko kulikoua.

"Usimwambie," nilisema.

"Atasema ni mimi niliyemuua mbwa."

"Atasema ni mimi pia. Mimi ndiye niliyekuleta."

Kijana alivaa helmeti polepole. Alisema amezoea kulaumiwa, lakini uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hajazoea. Nilimwomba msamaha, na mpaka leo mteja yeyote anayenitajia mbwa wake na sindano namweleza habari ya vidonge, robo na nusu, mpaka anachoka kunisikiliza. Ndiyo njia pekee niliyoipata ya kumlipa.

Mbwa alizikwa nyuma ya zizi, karibu na ule mfereji. Baba alichimba mwenyewe, hakutaka msaada.

Siku hizi jirani akija kusema ng'ombe wake haamki, Baba anamjibu kwamba amwite bwana mifugo, kwamba mkono wake umeanza kutetemeka. Watu wamemwamini, ni mzee. Mimi namtazama akimimina chai kutoka kwenye chupa ndefu ndani ya vikombe vidogo, na hakuna tone linalomwagika. Mkebe wa biskuti bado uko juu ya kabati. Sufuria ile sasa inapikiwa mayai.

Jumapili iliyopita walikuja wazee wa kanisa baada ya ibada. Wakala loshoro, wakaongea habari za paa la kanisa, kisha mmoja akauliza yule mbwa mnene yuko wapi siku hizi. Baba akawaeleza. Huwa anaieleza vizuri sasa, bila kuruka kitu. Anaanza na muwasho, anakiri sindano zake mwenyewe, hajifichi. "Lakini nilipoambiwa inamharibu, niliacha siku hiyo hiyo," anasema, na wazee wanaitikia kwa vichwa, maana wanamjua. "Akaanza kupona. Maji hanywi tena, mlango mkavu. Halafu huyu mwanangu akamleta daktari wake, wakamchoma ile ile." Hasemi kwa chuki. Wazee walinitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtoto aliyevunja kitu cha watu.

Walipoondoka nilianza kukusanya vikombe. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, makatambuga miguuni, anatazama uwanja. Akaniita "mama," kama anavyoniita akiwa na jambo, na kwa mara ya kwanza tangu Mama afariki akanisemesha Kiarusha, kwa ile sauti ya chini.

"Mama, kama mngeniachia tu vile nilivyoacha, si angepona?"

Niliweka vikombe chini. Nilimjibu kwa Kiarusha nami.

"Angepona, Baba."

Akaitikia kwa kichwa, akasogeza miguu yake nipate nafasi ya kupita.